Swali Linalotuchelewesha Kumwona Mwanasaikolojia

Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha maelfu ya watu wazima. Waliowahi kupatwa na maradhi ya akili waliulizwa mambo mawili: dalili zilianza lini, na ni lini walikwenda kutafuta msaada kwa mara ya kwanza. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, na maradhi ya jamii yake, pengo la kawaida lilikuwa miaka 6 hadi 8. Kwa maradhi ya hofu na wasiwasi lilikuwa miaka 9 hadi 23, kutegemea aina. Na hao ni wale ambao hatimaye walikwenda. Wasiokwenda kabisa hawamo katika hesabu hiyo.

Miaka 8 ni mingi. Ndani yake mtu anaweza kuingia kwenye ndoa na kutoka, kuacha masomo, kuhama kazi moja hadi nyingine bila kujua kinachomkimbiza, na kuzoea kulala saa chache mpaka akadhani ndivyo alivyoumbwa. Watoto wanazaliwa na kuanza shule wakimjua mzazi wa hasira za ghafla, bila kujua kwamba kabla yao alikuwa mtu mwingine.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, na zile kubwa haziko mikononi mwa mgonjwa. Wataalamu ni wachache, gharama ni nzito, na zipo jamii ambazo mtu akionekana tu kwenye mlango wa kliniki ya akili ameshapewa jina. Hayo yanahitaji serikali na bajeti. Lakini ipo sababu moja inayofanya kazi hata pale ambapo mtaalamu yupo na gharama inamudika, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Ni swali ambalo watu hujiuliza kimoyomoyo: hivi kweli hali yangu imefikia hatua ya kuhitaji tiba?

Swali lenyewe linasikika la busara. Tatizo ni namna tunavyolijibu, maana tunalijibu kwa kujilinganisha. Fulani amefiwa na mtoto na bado anakwenda kazini. Mimi nina kazi, nina afya, watu wangu wote wazima, nalalamikia nini? Ukishaanza kujilinganisha hivyo, jibu ni "bado" siku zote, kwa sababu hakosekani mwenye shida kubwa kuliko yako. Na siku jibu linapogeuka kuwa "ndiyo", mara nyingi mtu hana tena nguvu ya kutafuta namba ya simu, kupanga miadi, kujieleza kwa mgeni na kupima kama mgeni huyo anamfaa. Maamuzi yanayohitaji utulivu tunayasogeza mpaka wakati ambao utulivu umekwisha.

Kwa hiyo natetea swali jingine, lenye sehemu tatu: hali hii inaninyima nini, kwa muda gani sasa, na niliyokwisha kuyajaribu yamebadilisha nini?

Lipo dodoso fupi linalotumika hospitalini na katika zahanati za nchi nyingi kupima dalili za sonona, linalojulikana kama PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, ulaji, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza mawazo hata kwenye kusoma gazeti, kutembea au kuzungumza polepole mno au kuhangaika kupita kawaida, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwa kawaida alama 10 na kuendelea humfanya mhudumu achunguze zaidi. Watu wengi hulijaza wakikodolea macho jumla, wakitaka kujua wamefaulu au wameanguka. Lakini chini kabisa kuna swali moja lisilopewa alama. Linauliza: matatizo hayo yamekuwia magumu kiasi gani katika kufanya kazi zako, kuangalia mambo ya nyumbani, au kuelewana na watu?

Ningekuwa na uwezo, swali hilo ningelipandisha juu likawa la kwanza. Mtu anaweza kupata alama 8 na huku ameacha kupokea simu za dada yake tangu mwaka jana. Mwingine ana alama 12 katika mwezi wa msiba mzito, anakula kwa shida, analia, lakini watu wamemzunguka na siku zinasogea. Huyo wa kwanza ndiye ninayemhofia zaidi, naye ndiye atakayesema "mimi sijafika huko".

Sasa tuje kwenye utunzaji wa kila siku, maana hapo pana maneno mengi yanayouzwa kirahisi. Tembea, lala mapema, shukuru, kaa na watu wanaokupenda. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila husemwa kana kwamba ni mbadala wa tiba, na anayeufuata bila kupona huishia kujilaumu kwamba hata kujitunza kumemshinda. Mimi nauona una kazi mbili. Ya kwanza ni kukinga na kupunguza. Ya pili, inayosahaulika, ni kupima. Ukijipa wiki kadhaa za juhudi ya kweli na mambo yasisogee, hiyo ni taarifa. Inakuambia kwamba kinachokusumbua kina mizizi mirefu kuliko mazoea yako, na kwamba wakati wa kuongeza mkono wa mtu mwingine umefika.

Juhudi ya kweli ni ipi? Usingizi nitaupitia upesi, kwa kuwa kanuni zake zinafahamika: amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, na kitanda kiwe mahali pa kulala, pasiwe mahali pa kuhesabia madeni. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alipendekeza mwaka 1972 jambo ambalo bado ni nguzo ya tiba ya kukosa usingizi: ukikaa kitandani kwa muda bila kulala (siku hizi hushauriwa yapata dakika 20), inuka, nenda kwingine ufanye jambo tulivu, urudi usingizi ukija. Siku za mwanzo ni mateso. Zivumilie. Kuhusu mwili, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabiwa.

Linalostahili nafasi kubwa zaidi ni suala la kungoja moyo. Aliyezama kwenye huzuni husema, "Nikijisikia vizuri nitaenda kumtembelea rafiki yangu." Anangoja hamu ije ndipo afanye. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha jaribio ambalo lilivuruga mawazo ya wengi katika taaluma hii. Waligawa tiba ya sonona vipande, wakawapa baadhi ya wagonjwa tiba kamili iliyogusa tabia, mawazo na imani za ndani, na wengine wakapewa kipande kimoja tu: kurudi hatua kwa hatua kwenye shughuli za maisha. Waliopata kipande hicho kimoja walipata nafuu sawa na waliopata tiba nzima. Hamu hufuata tendo, mara nyingi kwa kuchelewa, na tendo lenyewe lazima liwe dogo na liwe na saa yake. "Nitajitahidi kutoka zaidi" haina maana. "Jumamosi saa 4 asubuhi nitampeleka mtoto uwanjani, nitakaa dakika 30, nikirudi nitaandika nilivyojisikia" ina maana, kwa sababu jioni unaweza kusema imefanyika au haikufanyika.

Na lipo jambo la kuwaza. Wengi huamini kwamba kulichimba tatizo tena na tena ni kulishughulikia. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tetemeko la ardhi lilipopiga eneo hilo Oktoba 1989, na kwa bahati wanafunzi walikuwa wamejaza madodoso yake wiki mbili kabla, yakiuliza huwa wanafanya nini wakiwa na huzuni. Alipowapima tena wiki saba baada ya tetemeko, waliokuwa na tabia ya kuzunguka palepale kwenye hisia zao, wakijiuliza "kwa nini mimi, kwa nini niko hivi", ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla. Alama ya kuwaza kwa namna hiyo ni rahisi kuitambua: nusu saa imepita na hakuna uamuzi wala hatua iliyozaliwa, umechoka tu. Hapo hapahitaji kuwaza zaidi. Inuka, andika sentensi moja ya kile unachoweza kukifanya kesho, kisha shika kazi ya mikono.

Hapo ndipo linapojitokeza pingamizi ninalolisikia kuliko yote: nina marafiki, nina ndugu, kwa nini nikamweleze mtu baki? Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. Mtu mwenye watu wawili watatu wa kumsikiliza ana hazina, na sitaki mtu yeyote aibadilishe kwa saa moja ya kulipia. Lakini rafiki anakupenda, na upendo una haraka ya kufariji. Ukisema unajiona mzigo, atakukatiza: "Acha maneno hayo, wewe si mzigo!" Umefarijika, na mazungumzo yamefungwa kabla hujasema lililobaki. Pia kuna urafiki ambao umegeuka kuwa kuzunguka palepale kwa watu wawili. Mnalisimulia jambo lilelile kila wiki, mnakasirika pamoja, mnaagana mkiwa mmechoka.

Jaribio lililonifundisha zaidi kuhusu hili lilifanyika Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, katika nchi yenye madaktari wachache mno wa fani yake, aliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wanawake wa umri wa bibi, kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hawana shahada. Wana utaratibu: msikilize, orodhesheni matatizo yote, mgonjwa achague moja, mtafute hatua moja inayowezekana, aende, arudi aeleze ilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia watu 573 katika zahanati 24. Miezi sita baadaye, takriban asilimia 14 ya waliokaa na kina mama hao walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Ninachokisoma hapo ni kwamba anayesaidia anaweza kuwa jirani yako kabisa, ila mazungumzo yawe na mpango, yawe na mwisho, na anayesikiliza awe amefunzwa kutobeba usukani. Hicho ndicho unachokifuata kwa mtaalamu. Kama mahali ulipo hakuna mwanasaikolojia, mnasihi aliyefunzwa vizuri au muuguzi wa afya ya akili si daraja la pili.

Wengi wanaogopa wasichokijua, kwa hiyo tuingie ndani ya chumba. Kikao cha kwanza kwa kawaida hudumu dakika 50 hivi. Hakuna kitanda cha kulalia wala kusomwa akili. Utaulizwa kilichokuleta sasa, tofauti na mwaka jana. Utaulizwa kuhusu usingizi, chakula, pombe na vilevi vingine, maradhi ya mwili, dawa unazotumia, familia. Utaulizwa wazi kama umewahi kufikiria kujiua, na mtaalamu mzuri haulizi hilo kwa kunong'ona. Utaelezwa kwamba unayosema ni siri, na mipaka ya siri hiyo: hatari ya karibu kwa maisha yako au ya mtu mwingine, na mtoto anayedhulumiwa. Mwishoni atakuuliza ungependa nini kiwe tofauti, na ni sawa kujibu "sijui bado".

Baadaye kazi inategemea aina ya tiba. Chukua ile ya kukagua mawazo, iliyoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Beck aligundua kwamba wagonjwa wake, walipokuwa wakieleza jambo moja, chini yake kulikuwa na mkondo wa mawazo mafupi na ya haraka ambayo hawakuyatamka. Tuseme asubuhi umemtumia rafiki ujumbe. Alama inaonyesha ameusoma. Mchana hajajibu, na kufikia jioni umeshakata shauri kwamba amekuchoka, na umenuna. Mtaalamu atakuomba uandike: tukio ni lipi, wazo lilikuwa lipi, unaliamini kwa asilimia ngapi. Labda 90. Kisha ushahidi wa kuunga mkono wazo hilo, ushahidi wa kulipinga, na maelezo mengine yanayowezekana. Alikupigia Jumapili. Amewahi kukaa siku mbili bila kukujibu akiwa na mgonjwa. Unarudi kwenye wazo lako, sasa unaliamini kwa 40. Pengine kweli amekasirika, na hapo kazi ya wiki ni kumuuliza. Anayedhani tiba hii ni kujilazimisha kuwaza mazuri hajaiona ikifanyika. Ni kazi ya kukagua ushahidi, na inachosha kama kazi nyingine.

Tiba pia si dawa ya kila jambo, na wanaoipigia debe wanapaswa kusema hivyo. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi, baada ya ajali au shambulio, kuwakusanya waathirika na kuwataka wasimulie yote kwa undani katika kikao kimoja. Majaribio yalipofanywa kwa makini, kikao hicho hakikukinga athari za baadaye, na katika baadhi ya majaribio waliohudhuria walikuwa na hali mbaya kuliko wasiohudhuria. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri kisitumike, na badala yake waathirika wapewe usalama, mahitaji, taarifa na watu wao, na asilazimishwe mtu kusimulia. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Aidha, mtu anayepigwa na mwenzi wake au anayenyimwa mshahara ana haki ya kupata mnasihi, lakini anachohitaji kwanza ni ulinzi na sheria. Nachukizwa na ushauri nasaha unaomfundisha mtu kuzoea dhuluma.

Vilevile pitia kwa daktari wa kawaida. Matatizo ya tezi ya thairoidi na upungufu wa damu vinaweza kuleta uchovu na huzuni vinavyofanana sana na sonona, na vipimo vyake ni vya kawaida. Daktari akikuandikia dawa za sonona, fahamu kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana na kwamba haziachwi ghafla bila kuzungumza naye. Dawa na mazungumzo havigombani. Kwa sonona kali, vikienda pamoja mara nyingi husaidia zaidi kuliko kimoja peke yake.

Katika kumchagua mtaalamu, uliza bila haya: umesomea wapi, unasimamiwa au umesajiliwa na nani, umewahi kushughulikia tatizo la aina yangu, na tutajuaje kwamba ninapata nafuu? Swali la mwisho ndilo linalowatenganisha wataalamu wazuri na wabovu. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake walikusanya takwimu za tafiti nyingi wakakadiria kwamba kufikia kikao cha 8, karibu nusu ya wagonjwa huwa wameonyesha nafuu inayopimika. Kwa hiyo ukifika cha 5 au cha 6 na hakuna kilichosogea, lisemeni. Mtaalamu aliyekomaa hatanuna. Atabadilisha njia au atakuelekeza kwa mwingine. Ondoka mara moja kwa anayekusimulia siri za wagonjwa wengine, anayetaka uhusiano wa kimapenzi, au anayekukataza dawa ulizoandikiwa na daktari.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na zipo hali ambazo hazingoji hesabu ya wiki wala vikao. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku kadhaa huku amejaa nguvu na mipango isiyo ya kawaida, au anayezungumzia kufa, anahitaji hospitali leo. Duniani zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Ukimshuku ndugu au rafiki, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakupandikizi wazo hilo. Akijibu ndiyo, usianze kumhubiria wala kumkumbusha watoto wake. Ondoa karibu naye dawa na chochote anachoweza kukitumia kujidhuru, usimwache peke yake, piga simu ya dharura au mkaingie pamoja kwenye chumba cha daktari, na kama maneno yatamshinda huko, msemee.